Ngazi Inayotoka Nje ya Darasa

Mwalimu wa awali anapopata cheti chake, ndugu, marafiki na walimu wenzake humpa ushauri mmoja: ajiendeleze. Achukue stashahada, baadaye shahada, na Mungu akijalia aongeze na uzamili. Ushauri huu una nia njema, na kwa kiasi fulani ni sahihi, ila unanyamazia jambo ambalo kila aliyekaa katika fani hii analijua. Kila hatua ya kupanda humsogeza mwalimu mbali na watoto aliosomea kuwafundisha. Stashahada humfungulia mlango wa darasa la nne au la tano. Shahada humpeleka sekondari, chuoni au kwenye dawati la mradi wa shirika. Anayebaki miaka yote na watoto wa miaka minne na mitano huonekana kama aliyekosa pa kwenda, hata akiwa ndiye mahiri kuliko wote shuleni. Katika sura hii nadai kwamba utaratibu huo upinduliwe. Mwenye cheti atangulize umahiri wa darasani, chini ya jicho la mtu anayejua kazi, halafu ndipo arudi masomoni. Na masomo yenyewe ayachague pale tu yanapofungamana na daraja la mshahara ambalo mwajiri wake amelitaja kwa maandishi.

Ili tuelewe kwa nini ngazi imeelekezwa nje, tutazame nani amekuwa akimlipa mwalimu huyu. Nchini Kenya shule nyingi za chekechea zilianzishwa kwa harambee: wazazi walijenga chumba, wakamtafuta binti au mama wa kijijini mwenye subira na watoto, wakamlipa kwa karo waliyoichanga wenyewe. Serikali iliingia kwa upande wa mafunzo kabla ya kuingia kwa upande wa mishahara. Mwaka 1984 kilianzishwa kituo cha kitaifa cha elimu ya chekechea, NACECE, chini ya taasisi ya mitaala jijini Nairobi, na mwaka uliofuata vikaanza vituo vya wilaya, DICECE. Walimu waliokuwa tayari kazini walisoma humo kwa miaka miwili, wakihudhuria wakati wa likizo na kurudi madarasani shule zinapofunguliwa. Ulikuwa mpango wa busara, na nitaurudia baadaye. Lakini ulizalisha maelfu ya walimu wenye vyeti ambao hawakuwa na mwajiri anayevitambua vyeti hivyo kwenye malipo. Mama yule yule aliyelipwa na wazazi kabla ya kusoma aliendelea kulipwa na wazazi wale wale baada ya kusoma, na msimu wa ukame karo ilipokosekana, cheti chake hakikumsaidia dukani.

Katiba ya 2010 ilibadilisha mwajiri, haikumaliza tatizo. Jedwali la Nne liliikabidhi elimu ya chekechea kwa serikali za kaunti, na kaunti 47 zilipoanza kazi mwaka 2013 zikajikuta na jukumu la kuwaajiri walimu ambao hazikuwahi kuwalipa. Walimu wa msingi na sekondari wakabaki kwa Tume ya Huduma ya Walimu, TSC, wenye mizani moja ya mshahara nchi nzima. Kwa hiyo katika uwanja mmoja wa shule unaweza kuwakuta walimu wawili wanaochota maji kwenye tangi moja: yule wa gredi ya kwanza ana ajira ya kudumu na pensheni chini ya TSC, na yule wa PP2, mwaka wa pili wa chekechea, ana mkataba wa kaunti unaohitaji kuhuishwa. Watoto wanaopokezana ni wale wale. Wametofautiana kwa miezi tu. Baadhi ya kaunti zimewaingiza walimu wao kwenye ajira ya kudumu, nyingine zimewaacha kwenye mikataba na posho ndogo kwa miaka. Mwalimu anayevuka pengo hilo kwa kusomea ualimu wa ngazi nyingine anakimbilia mwajiri mwenye uhakika, na ni vigumu kumlaumu.

Tanzania ilipita njia nyingine, na ndiyo maana kulinganisha nchi hizi mbili kuna faida. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 iliitambua elimu ya awali rasmi, madarasa yakafunguliwa ndani ya shule za msingi za serikali, na sera ya 2014 ikaifanya kuwa sehemu ya elimu ya msingi ya lazima. Mwalimu wa awali wa serikali analipwa kwa ngazi zile zile za mishahara ya walimu wa serikali, TGTS, wanazolipwa walimu wengine: mwenye cheti huanzia TGTS B, mwenye stashahada TGTS C, mwenye shahada TGTS D. Mshahara unafuata kiwango cha elimu, haufuati umri wa mtoto anayefundishwa. Kwa karatasi huu ni mfumo wa haki kuliko ule wa Kenya, nami nausifu. Ila una bei yake. Kwa kuwa mwalimu wa awali ni mtumishi sawa na wenzake shuleni, mwalimu mkuu mwenye upungufu anaweza kumhamishia darasa la saba, ambako kuna mtihani wa taifa na shule inapimwa, na darasa la awali akalikabidhi kwa mwalimu wa kujitolea au kulichanganya na darasa la kwanza. Ada zilipofutwa mwaka 2016 uandikishaji wa awali ulipanda ghafla. Kiwango kinachotakiwa ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, lakini katika shule za serikali wastani wa kitaifa ulipita watoto 100 kwa kila mwalimu mwenye sifa. Mwalimu anayeona darasa la namna hiyo na papo hapo anaitwa kufundisha Hisabati darasa la sita, kwa mshahara ule ule, atafanya nini?

Basi Kenya mshahara humfukuza, na Tanzania mzigo wa kazi humsukuma. Hapo mtu anaweza kuuliza: kuna ubaya gani? Si ndiyo maendeleo ya mtu, kutoka kazi ndogo kwenda kubwa? Ubaya wake unaonekana tukitazama ushahidi wa kile kinachomfanya mwalimu wa watoto wadogo awe bora. Mwaka 2007 Diane Early na wenzake walichapisha uchambuzi wa takwimu kutoka tafiti saba kubwa za Marekani, wakiuliza swali moja: je, mwalimu wa awali mwenye shahada huwa na darasa bora na watoto wanaojifunza zaidi? Hawakukuta uhusiano wa kutegemeka. Shahada peke yake haikutosha kutabiri lolote la maana. Mwaka huo huo sheria ya Marekani ilielekeza kwamba nusu ya walimu wa vituo vya Head Start, mpango wa serikali wa watoto wa familia maskini ulioanza 1965, wawe na shahada kufikia 2013. Lengo lilifikiwa na kupitwa, lakini mishahara ilibaki chini sana ya ile ya shule za umma. Wengi waliosomeshwa wakawa na karatasi iliyowaruhusu kuhamia shule hizo.

Tafiti hizi hazisemi kwamba kusoma hakufai. Zinasema kwamba karatasi ni kipimo hafifu cha kile kinachotokea saa tatu asubuhi mkekani, mwalimu anapomsikiliza mtoto akieleza mchoro wake na kuamua amuulize nini. Jambo hilo hujifunzwa kwa kulifanya mbele ya mtu anayeweza kukwambia umelifanyaje. Ghana, kati ya 2015 na 2016, shule 240 za mkoa wa Greater Accra ziliingizwa katika jaribio la kuwapa walimu wa chekechea mafunzo mafupi yenye kufuatiliwa na kuelekezwa darasani. Ufundishaji ukaboreka, watoto wakanufaika, na uchovu wa walimu ukapungua. Kenya yenyewe ilifanya jambo la jinsi hiyo kupitia mpango wa Tayari katika kaunti za Laikipia, Nairobi, Siaya na Uasin Gishu: mwalimu alipata mwongozo, vitabu na ziara za mwelekezi, na watoto wakaingia darasa la kwanza wakiwa wameiva zaidi. Hata kabla ya hapo pwani ilikuwa imeshatoa mfano. Mpango wa Madrasa, ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 kwa juhudi za waelimishaji kama Bi Swafiya Said na kuenea Zanzibar na Kampala, uliwachukua wanawake wa mitaa yenyewe, ukawafundisha na kuwatembelea madarasani mara kwa mara. Malmberg, Mwaura na Sylva walipowapima watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda katika utafiti uliochapishwa 2011, wale waliosoma katika vituo vya mpango huo walikuwa wamepiga hatua zaidi kiakili. Wengi wa walimu wale hawakuwa na shahada.

Kwa hiyo kazi ya kwanza baada ya cheti ichaguliwe kwa maswali ambayo watafuta kazi wengi huyasahau. Kwanza, kuna nani hapa anayejua kazi hii kuliko mimi, na ataingia darasani kwangu mara ngapi? Pili, darasa lina watoto wangapi? Shule binafsi yenye watoto 30 na mwalimu mkongwe anayekaa na mgeni kila Ijumaa kupitia mpango wa wiki ina thamani kubwa kwa anayeanza kuliko shule inayolipa zaidi kidogo na kumwacha peke yake na watoto 70 na rundo la madaftari ya kunakili herufi. Shule nyingi za binafsi za mijini, niseme wazi, huwauzia wazazi Kiingereza na mazoezi ya kuandika kwa mtoto ambaye vidole vyake havijakomaa kushika penseli. Mwalimu mpya akianzia huko bila mwelekezi, mazoea hayo humganda, na stashahada ya baadaye haiyang'oi kirahisi. Tatu, nitaruhusiwa kutengeneza kona za kujifunzia na zana zangu, au ukuta utabaki mtupu mpaka mkaguzi atangaze ziara?

Miaka hiyo miwili au mitatu ya mwanzo itoe kitu kinachoshikika. Marekani cheti cha msingi cha fani hii, kinachojulikana kama CDA na kilichoanza kutolewa 1975, hakipatikani kwa kuketi darasani tu. Mwombaji anadaiwa saa 120 za mafunzo na saa 480 za kufanya kazi na watoto. Anaandaa jalada la kazi zake, familia za watoto hutoa maoni yao, na mtaalamu huja kumtazama akifundisha. Cheti chenyewe huisha muda baada ya miaka mitatu kisipohuishwa. Mwalimu wa Morogoro au Kakamega hadaiwi jalada hilo, lakini hakuna anayemkataza kulitengeneza: maandalio ya masomo yaliyofanyiwa marekebisho baada ya kufundishwa, kumbukumbu za maendeleo ya watoto kadhaa kwa mwaka mzima bila majina yao, picha za zana alizotengeneza kwa vifuniko vya chupa na maboksi, na taarifa za mwalimu mkuu au mdhibiti ubora aliyemtembelea. Kwenye usaili wenye waombaji mia mbili wenye cheti kile kile, jalada ndilo linalotofautisha.

Pingamizi la kwanza lipo wazi: waajiri wetu wanasoma vyeti, hawasomi majalada. Mfumo wa ajira serikalini unauliza kiwango cha elimu, na pasipo stashahada jina halifiki hata kwenye orodha. Ni kweli, na hali inaelekea huko zaidi. Kenya iliacha kudahili kwa cheti cha ualimu wa msingi cha P1, na mwaka 2021 ikaanza stashahada ya miaka mitatu, DPTE kwa walimu wa msingi na DECTE kwa walimu wa chekechea, pamoja na njia ya kuwapandisha wenye vyeti vya zamani. Mageuzi ya sera na mitaala ya Tanzania ya 2023 nayo yanaisukuma stashahada iwe kiwango cha kuanzia. Mwenye cheti peke yake hawezi kukaa miaka kumi akidhani hakuna kitakachobadilika. Lakini pingamizi hili linathibitisha tu kwamba lazima asome. Halithibitishi asome nini, wala lini, wala kwa fedha za nani. Na hapo ndipo wengi hupotea. Anayejiunga na shahada ya uongozi wa biashara ya jioni kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na nyumbani amenunua karatasi ambayo muundo wa utumishi wa walimu hauna mahali pa kuiweka. Mtumishi wa umma anayekwenda chuo bila kibali cha mwajiri hurudi na shahada halali, kisha anasubiri miaka kubadilishiwa muundo. Swali la kuuliza kabla ya kulipa ada ya usajili ni rahisi: nikimaliza, nitaandikwa daraja lipi, kwa waraka upi, na nitaendelea kufundisha awali? Shahada za elimu ya awali zipo, kwa mfano Chuo Kikuu cha Dodoma, na kwa anayetaka kubaki kwenye fani, hizo ndizo za kutangulizwa kabla ya zile za jumla.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza, nami sitalipita haraka. Linasema: mnamwambia mtu abaki darasani ili awe mahiri, lakini umahiri haulipi kodi ya nyumba. Mwalimu huyu kwa kawaida ni mwanamke, mara nyingi ndiye anayesomesha wadogo zake, na kumtaka aendelee kwa posho ya mkataba kwa sababu watoto wanamhitaji ni kumgeuza sadaka. Nakubali kila neno. Hakuna mwalimu anayepaswa kuweka nadhiri ya ufukara, na mtu akihesabu mapato yake akaona kwamba njia ya darasa la nne ndiyo itakayomtoa, aende, tena bila aibu. Nisichokubali ni dhana iliyojificha ndani ya pingamizi hilo, kwamba mshahara mdogo wa kazi hii ni jambo la asili kama mvua za masika. Marcy Whitebook na wenzake walichunguza vituo 227 vya watoto katika miji mitano ya Marekani, na ripoti yao ya 1989 ikaonyesha kwamba, kati ya mambo yote ya mazingira ya kazi, mshahara wa walimu ndio uliotabiri ubora wa malezi kuliko lingine lolote, na kwamba asilimia 41 ya wafanyakazi waliondoka ndani ya mwaka mmoja. Mshahara, kwa hesabu hiyo, ni sehemu ya kinachomfikia mtoto. Inashangaza kwamba kwenye makongamano yetu James Heckman, mchumi wa Chicago aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, hutajwa kila mara kwa hesabu zake za faida ya kuwekeza kwa watoto wadogo, na ni nadra mtu kutaja kwamba mradi wa Perry wa Ypsilanti, Michigan, ambao ndio uti wa mgongo wa hesabu hizo, uliendeshwa na walimu wenye leseni za shule za umma na mishahara ya shule za umma, kila mmoja akiwa na watoto wachache. Faida inanukuliwa, gharama iliyoileta inasahauliwa.

Wapo watakaosema kuna njia ya tatu: afungue kituo chake. Ni njia halali, na baadhi wameifanikisha, ila husifiwa kuliko inavyostahili. Tanzania, kituo cha kulelea watoto mchana husajiliwa upande wa ustawi wa jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, na shule ya awali husajiliwa upande wa elimu. Ni milango miwili yenye masharti tofauti ya vyumba, vyoo, uzio na wafanyakazi. Kenya, malezi ya mchana nayo ni jukumu la kaunti. Baada ya usajili linabaki swali la karo: wazazi wa mtaa wa kawaida wanaweza kulipa kiasi fulani tu, na mwenye kituo hana njia ya kupata zaidi isipokuwa kuongeza watoto kwa kila mlezi, yaani kurudia kosa lile lile la serikali kwa udogo. Kituo kinafaa kwa mwenye uzoefu wa miaka, mtaji wa kuhimili miezi ya hasara na mkono wa hesabu. Kama jibu la mara tu baada ya cheti, mara nyingi ni kuhamisha umaskini kutoka kwa mwajiri kwenda kwa mwenyewe.

Kuna kupanda ambako hakumtoi mwalimu kwenye fani, na huko ndiko ningetaka mwenye cheti aelekeze macho akishapata uzoefu. Mwelekezi anayewatembelea walimu kumi au kumi na watano wa kata au wadi yake amepanda cheo na bado anakaa kwenye viti vidogo. Mratibu wa chekechea wa wadi nchini Kenya, mkufunzi wa chuo cha ualimu, mwandishi wa vitabu vya hadithi au mshauri wa vipindi vya watoto kama Akili and Me kinachotengenezwa na Ubongo jijini Dar es Salaam, wote hawa hutumia kile kile walichokusanya mkekani. Tatizo ni kwamba nafasi hizi ni chache, na nyingi hujazwa na watu wenye shahada kubwa ambao hawakuwahi kuongoza wimbo wa asubuhi. Jalada la miaka mitatu lina kazi hapa pia.

Na mfumo unaoweza kuziba pengo kati ya kusoma na kulipwa upo, umeshajaribiwa. Jimbo la North Carolina lilianza mwaka 1990 mpango wa T.E.A.C.H., ambao haumpi mwalimu wa watoto wadogo ada peke yake. Mfadhili, mwajiri na mwalimu hugawana gharama ya masomo, mwalimu husoma huku akiwa kazini, akimaliza idadi ya masomo iliyokubaliwa hupata nyongeza ya mshahara au bakshishi, naye huahidi kubaki katika kituo kile kwa muda uliotajwa. Mpango huo umeigwa na majimbo mengine mengi. Kwa upande wa masomo una sura ile ile ya DICECE ya 1985, mwalimu anayesoma bila kuacha darasa. Kilichoongezwa ni nyongeza ya mshahara na ahadi ya kubaki. Kaunti inayohuisha mikataba ya walimu wake wa PP1 na PP2 mwaka huu haihitaji sheria mpya ili kuandika vifungu hivyo. Inahitaji kutenga nyongeza hiyo kwenye bajeti, na walimu wanaokwenda kwenye bodi ya utumishi wa umma wakiwa pamoja na kila mmoja na jalada lake mkononi, wakiomba kifungu hicho kiandikwe kabla ya kutia saini.